Ukuta ulijengwa na shemeji, lawama nikabeba mimi

Admin, nifichie jina tafadhali. Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, naishi karibu na Ahero.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tunatengeneza bloki za kuuza. Mafuriko yakija, lori za mchanga hazifiki, kazi inasimama. Kiwanda cha sukari kilikuwa kinamwaga majivu ya boila, yale ya tanuri lake, kama takataka. Nikaanza kuyachekecha na kuyatia kwenye simiti badala ya sehemu ya mchanga. Bloki za kwanza zilivunjika. Nilijaribu tena na tena hadi zikawa ngumu. Choo tulichojenga nazo kimesimama mpaka leo.

Mume wangu alipofariki, ndugu yake alichukua kila kitu, hadi mashine ya bloki. Nilimwambia, "Shem, usiondoe mchanga wote kwenye mchanganyiko, na hayo majivu lazima yachekechwe." Akacheka. "Shemeji, wewe enda upike."

Nikaenda kuuza nguo katika soko la Kibuye. Yeye akajenga nyumba za kupangisha mtaa wa Migosi kwa bloki za majivu matupu, simiti kidogo sana. Rafiki yangu wa pale sokoni akapanga chumba kimoja. Mvua kubwa iliponyesha, ukuta ukaanguka, ukamuua binti yake. Matangani shemeji alisimama mbele ya watu wote akasema, "Haya mambo ya majivu yaliletwa na mke wa ndugu yangu. Mimi nilifuata tu." Rafiki yangu akaniangalia, kisha akanigeuzia mgongo. Hajanisalimia tena. Sokoni waliniita muuaji hadi nikaacha biashara.

Sasa shemeji ni mgonjwa, hatapona. Majuzi aliniita, akawatoa watoto wake nje, akasema, "Nilijua hizo bloki ni mbovu. Zilikuwa zinameguka mkononi. Nisamehe."

Nikamwambia, "Tumuite mama ya yule msichana, umwambie hivyo hivyo."

"Hapana. Wacha nizikwe na heshima yangu. Ukisema, nitakana."

Watoto wangu wanasema mtu anayekufa aachwe. Lakini yule mama amezeeka akiamini nilimuua mtoto wake. Nikienda kwake leo, shemeji atakana. Nikingoja azikwe, wataona namsingizia marehemu. Na huo msamaha alioniomba, hata sijui kama ninao. Nyinyi mngekuwa mimi, mngefanya nini?