Waya wa dirishani uliozima internet ya jengo zima hapa Busia

Wakuu, salamu kutoka border. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa hapo mwenyewe. Mkiona naongeza chumvi, Mama Achieng', yule mfanyabiashara wa samaki, yuko Osieko kando ya ziwa, mumuulize.

Mimi ni fundi wa network. Kuna jengo hapa Busia limejaa maofisi ya clearing agents, wale wanaotayarisha documents za mizigo ya kuvuka Uganda.

Asubuhi moja napigiwa simu, internet imekufa jengo lote.

Nafika, namkuta Mama Achieng' mlangoni. Pickup yake imejaa samaki wa mbuta fresh, barafu inayeyuka, maji yanatiririka barabarani. Agent wake, Barasa, hawezi kutuma chochote. Hotspot ya simu nayo inashika network ya Uganda, system ya forodha inakataa.

Mtu akamwambia apeleke mzigo border ya Malaba. Malaba, na ile foleni ya malori? Mama akanigeukia.

"Fundi, hii samaki ikioza mimi nimekwisha. Nisaidie."

"Mama, sitoki hapa kabla uvuke."

Nafungua kabati ya switch, kile kifaa kinachounganisha waya za ofisi zote. Woi! Taa zote zinawaka na kuzima pamoja, kama zimepagawa. Nikajua hii ni loop. Data inatoka mlango mmoja wa switch, yaani port, inarudi kwa mwingine, inazunguka ikiongezeka mpaka switch inalemewa.

Ndani ya switch kuna kinga ya kuzuia hiyo, inaitwa spanning tree. Ikiona mzunguko, inafunga mlango mmoja. Lakini fundi aliyenitangulia aliizima! Eti ile version ya zamani ilikuwa inachelewesha kompyuta zikiwashwa, na agents hawana subira. Jameni, unang'oa breki kwa sababu gari inaenda pole pole? Nilikasirika, acha tu.

Nikaanza kuchomoa waya moja moja. Agents wanapiga kelele, mimi sisikii mtu. Kuchomoa ya Barasa, taa zikatulia.

Naingia ofisi yake. Kumbe kuna waya ya pili, inapita dirishani kutoka kwa Nekesa, agent wa mlango unaofuata. Alimsaidia nayo wakati panya walikula ya Barasa. Asubuhi hiyo Barasa akarekebisha yake, akachomeka kwa switch ndogo ya ofisi yake, na ya Nekesa akaiacha hapo hapo.

"Mbona hukutoa?"

"Boss, nimrudishie kabla hajaiulizia? Si atadhani nimemkasirikia?"

Mimi pia nina sufuria ya jirani nyumbani.

Documents za Mama zikapita kwa hiyo hiyo waya ya Nekesa. Alivuka barafu ikiwa imebaki kidogo sana, lakini alivuka.

Agents wakasema sasa toa hiyo waya. Nikakataa. Nikawasha spanning tree ya rapid, ile version mpya isiyochelewesha mtu, nikachomeka waya zote mbili. Switch ikafunga mlango mmoja yenyewe, ikauweka akiba.

Majuzi nimerudi kufunga printer, naona waya ya Barasa imeliwa tena na panya. Mlango wa akiba ulikuwa umeshafunguka. Barasa anachapa kazi, Mama Achieng' amekaa hapo na mzigo mwingine, anakunywa chai.

Hakuna aliyenipigia simu.

Somo langu: watu wakilalamika switch iko slow, badilisha version, usizime kinga. Na waya ya jirani usiitupe, ipangie kazi.

Mafundi wenzangu, huko kwenu mnatumia version gani? Na nani ashawahi kuzimiwa jengo na wema wa jirani? Semeni, niko hapa nasoma.