Asmini Iliyovaa Koti

Kabla sijajua duka gani dogo la mtaani, spaza wanavyoliita pale Bertrams, linauza mkate mzuri, nilikuwa tayari najua namna ya kukinga kabichi na baridi ya Uingereza. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alitaka nikae, na mimi kukaa ndiko kunakonishinda. Lakini kichwa hakikuacha kuuliza. Nimewahi kujifunza kutengeneza saa bila kumiliki saa, na kuoka mikate ya Kifaransa bila kuwa na jiko. Nilipofika Johannesburg, baada ya kuzungukazunguka Lilongwe na Harare, nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na Mzungu mmoja ndani yake.

Mzungu huyo alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye kofia ya sufu na pua nyekundu. Alijirekodi bustanini kwake, nyuma ya nyumba ndogo ya matofali, akieleza leo anafanya nini. Mvua inanyesha, yeye anaeleza. Upepo unampokonya kofia, anaikimbilia, anarudi, anaendelea pale pale alipoishia. Alililalamikia anga la kwao kama mtu anavyomlalamikia mke anayempenda. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo nusu nilimsikia na nusu nilimtazama mikono. Sikuwa na bustani. Sikuwa hata na chungu cha maua. Nilimtazama tu, kama wengine wanavyotazama mpira wa timu ya mbali.

Chumba nilipanga kwa Mama mmoja wa Tanga, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya uani. Kimoja changu, kingine cha fundi cherehani Mkongomani. Asubuhi nilipakua mizigo kwenye maduka ya jumla mjini, na mchana nilikuwa huru. Uani palikuwa na kamba ya nguo, pipa, kitalu cha mrehani, na ukutani, upande wa jua, asmini.

Asmini hiyo ilikuja kutoka Tanga ikiwa kijiti, imefungwa ndani ya kanga mbichi katikati ya sanduku la nguo. Miaka yake ya mwanzo iliishi jikoni ndani ya kopo la rangi. Kisha ikapasua kopo, na Mama akaipanda chini, ikapanda ukuta mpaka ikanifika kifuani. Baridi iliyokuwa inakuja ndiyo ya kwanza kuikuta nje, na kuing'oa ilikuwa haiwezekani tena.

Mwaka mwingine wowote Mama angesema litakalokuwa na liwe. Mwaka huo binti yake alikuwa anaolewa, mwezi wa tisa, baridi ikishaondoka. Mama wa bwana harusi, mwanamke wa Unguja aliyekuwa akiishi mtaa wa Hillbrow, alikuja kupanga mambo, akanywa chai, akala vileja, kisha akasema kwa upole mkubwa:

"Kikuba cha bi harusi usijisumbue, shoga yangu. Hapa Joburg asmini utaitoa wapi? N'shaona maua ya plastiki mazuri mjini, hata huyatambui. Tutayapulizia manukato."

Kwetu pwani kikuba ni kile kifungu kidogo cha asmini, mrehani na mawaridi anachokibandika mwanamke kifuani, na bi harusi bila kikuba ni kama pilau bila nyama: utakula, lakini utakumbuka. Mama alitabasamu mpaka mgeni akatoka getini. Kisha akageuka.

"Plastiki! Mwanangu mimi avae plastiki, na mti wangu upo hapo ukutani!"

Binti alikuwa mlangoni akicheka. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote ila majibu yake huja kwa Kiingereza au Kizulu. Alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yeye hata plastiki hana shida nayo.

"We nyamaza," alisema Mama. "Hii harusi si yako peke yako."

Nami, ambaye sikuulizwa, nikasema, "Mama, huo mti niachie mimi. Mambo ya bustani wakati wa baridi nayajua."

"Wewe? Umesomea wapi?"

"Uingereza," nilisema, nikamwonyesha simu.

Msomaji asinidharau. Nilikuwa nimefikiri. Mwezi wa sita Mzungu wangu alikuwa amevaa kaptula anachuma matunda, kwa sababu kwao majira yamegeuzwa. Nikarudi nyuma, nikatafuta video zake za mwezi wa kwanza na wa pili, wakati pua imemwiva kabisa. Nilijiona profesa. Wangapi pale Bertrams wangekumbuka kugeuza kalenda?

Mafundisho yake yalikuwa mawili. La kwanza: mmea usiozoea baridi uvishe nguo jioni, asubuhi uvue upate hewa. La pili, alilolirudia kila mara akitikisa kidole: usimwagilie. Baridi si muuaji peke yake, alisema, muuaji mkubwa ni maji, yanaozesha mizizi.

Nikaomba magunia. Mama hakuwa nayo. Aliingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka na koti la kiume, zito, la sufu nyeusi, lenye vifungo vikubwa. Lilikuwa la marehemu mumewe.

"Hili si la kuvalisha mti, Mama," nilisema.

"Limekaa kabatini halimpashi mtu joto," alijibu. "Lete hizo fito."

Nikachimbia fito nne kuzunguka asmini ili kitambaa kisiguse majani, tukaliangika koti juu yake. Vifungo alifunga Mama mwenyewe, kuanzia juu, taratibu. Mikono ya koti ilikuwa inaning'inia vibaya, nikaijaza magazeti. Tukarudi nyuma kutazama. Alisimama pale mwanamume mnene asiye na kichwa, ameupa ulimwengu mgongo, anautazama ukuta kama mtu aliyeadhibiwa.

Fundi alitoka chumbani kwake amejifunga blanketi.

"Eh, ndugu! Miye niko nakufa na baridi humu ndani, na muti iko na koti?" Akalizunguka, akalipapasa kwa vidole vya kazi yake. "Na ni koti ya muzuri! Bon. Kesho na miye nitasimama kwa ukuta, munivalishe."

"Utatoa maua?" aliuliza Mama.

"Nitajaribu, Mama."

Jioni moja walinzi wa kampuni binafsi walipita na gari lao, wakamulika tochi juu ya ukuta, na tukasikia sauti ikimwamuru mtu anyanyue mikono. Ikaamuru tena, kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza. Nilipotoka kueleza, mlinzi alinitazama, akautazama mti, akasema "Eish," akaondoka. Tangu siku hiyo kila wakipita walipiga honi kulisalimia koti.

Kisha baridi yenyewe ikaja. Mtu wa pwani akiamka na kukuta nyasi nyeupe, kitu cha kwanza anachofikiri ni kwamba kuna mtu amemwaga unga. Niliinama nikagusa, ikawa maji kidoleni. Kitalu cha mrehani kilikuwa cheusi chote, kimelala kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa. Mama alishika kichwa. Nikafungua vifungo vya koti. Asmini ilikuwa kijani, imesimama vizuri.

Nilitembea uani siku hiyo kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Niliwaeleza watu foleni ya spaza. Nilimweleza dereva wa teksi, ambaye hakuuliza.

Lakini kadiri siku zilivyokwenda, jani moja likaanguka, kisha mengine. Hayakuwa meusi. Yalikuwa makavu, ukiyakunja yanavunjika kama kaukau. Matawi yakawa ya kijivu. Nikaongeza magazeti. Nikamfunga kifungo cha juu kabisa, kile cha kumkaba. Asmini ikazidi kupukutika, na yule mama wa Unguja akapiga simu kuuliza tunapenda plastiki nyeupe au ya maziwa.

Mama alikata simu akanijia.

"Mwanangu, niambie ukweli. Huu mti unakunywa?"

"Mzee amekataza, Mama. Wakati wa baridi hakuna kumwagilia."

"Hebu nimwone huyo mzee wako."

Tukakaa jikoni, jua la mchana likiingia dirishani, nikamfungulia video. Mama alivaa miwani. Mimi siku zote nilitazama mikono ya yule mzee na kusikiliza maneno yake. Mama hakusikiliza hata neno moja. Alitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Mbona mabuti yake yote tope?"

"Ni bustanini, Mama."

"Na suruali mpaka magotini? Jamani, mkewe anafua na nani?" Akasogeza simu karibu. "Na hayo yanayodondoka kwenye kofia?"

"Mvua. Kwao wakati wa baridi hunyesha kila siku."

"Kila siku," alirudia Mama. Akavua miwani, akanyoosha kidole dirishani.

Nikatazama. Anga lilikuwa bluu tupu kutoka ukuta mpaka ukuta, kama lilivyokuwa jana, kama lilivyokuwa tangu nilipoanza kumvika yule bwana koti. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya pipa. Kwenye kamba, suruali niliyoianika asubuhi ilikuwa imekauka mpaka inaweza kusimama yenyewe. Midomo yangu ilikuwa imepasuka, na kila nilipotoka nje nilijipaka mafuta ya mgando mpaka viwiko. Baridi ya Johannesburg haina hata tone la maji. Nilijua hivyo kwa ngozi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimegeuza kalenda ya Uingereza, nikasahau kuigeuza mvua yake.

"Tumemvisha mtu koti," alisema Mama, "akafa kwa kiu."

Alichukua ndoo papo hapo aiweke tayari, amwagilie magharibi, kama tunavyofanya pwani jua likishapoa. Hapo angalau Mzungu wangu alinifaa. Nikamshika mkono, nikamwambia maji ya jioni hapa yataganda mizizini, yatatumaliza. Yawe ya mchana, tena yasiwe ya barafu.

Maji ya mchana yasiyo ya barafu yalikuwepo tayari. Mama alipasha maji kila siku ya kutawadhia adhuhuri, maana ya bombani yalikata vidole. Tukaweka beseni kubwa chini ya asmini, na kila anayeswali pale nyumbani akawa anatawadha hapo, uso, mikono, miguu, kisha tunamimina taratibu shinani. Binti naye akashuka na birika lake, akiniambia kwa Kizulu, "Eish, malume," yaani mjomba, "haya yote kwa ua?" lakini hakukosa siku. Fundi alisimama pembeni mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Miye ni mulokole. Maji yangu muti itakubali?"

"Mti hauulizi dini," alisema Mama. "Nawa miguu, fundi. Na kwa kweli ulikuwa unahitaji."

Kabla ya baridi nilikuwa nimekwisha kupanga kwenda Cape Town. Nilisikia kuna bahari na kazi za meli, na miezi minne mahali pamoja kwangu ni mingi. Mwezi wa nane, upepo wa vumbi ulipoanza, begi langu lilikuwa limefungwa. Asubuhi ya kuondoka nikaenda kumvua bwana koti lake, nikakwangua kijitawi kimoja kwa ukucha, chini kabisa karibu na udongo. Ndani palikuwa kijani. Nikaenda kufungua begi. Si mapenzi ya mtu wala ya mji. Nilitaka tu kujua itakuwaje.

Majani mapya yalitoka madogo kama masikio ya panya. Vitumba vya maua vilichelewa. Siku ya harusi, alfajiri, Mama alitoka na sahani ya kisosi, na mimi nikashika taa ya simu. Tukachuma maua yote yaliyokuwepo. Hayakufunika hata kitako cha kisosi. Mrehani wetu ulikuwa umekufa, kwa hiyo fundi alipita mjini akaleta wa sokoni pamoja na mawaridi, na kikuba kikafungwa: mrehani mwingi, waridi la kutosha, na katikati, kama mheshimiwa kati ya walinzi, asmini chache.

Mama wa bwana harusi aliingia na maua yake ya plastiki ndani ya boksi. Akamkumbatia bi harusi, na akiwa pale pale begani akanusa. Akarudisha kichwa nyuma akakitazama kikuba, akanusa tena, macho ameyafumba, na kwa muda kidogo hakuwa Johannesburg kabisa.

"Hii ya wapi?" aliuliza.

"Ya ukutani kwangu," alisema Mama, akipanga vileja ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Boksi la plastiki sikuliona tena likifunguliwa. Jioni, wageni wakipungua, yule mama wa Unguja alitoka uani akasimama mbele ya asmini, akaigusa kwa kidole kimoja, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani asiyesemeshana naye:

"Shoga, nikatie basi kijiti na mimi, nikajaribu barazani kwangu."

Mama alimwangalia. Kisha akaangalia koti, lililokuwa limetundikwa msumarini, limepigwa brashi, magazeti yametolewa mikononi.

"Kijiti chukua, mkwe," alisema. "Na huyu kijana atakuja kukuonyesha. Koti tafuta la kwako."