Jiwe la Kunolea la Mama Domitila

Nilipokuwa mtoto, katika mji huu ambao wakati ule uliitwa Usumbura, kunoa visu kulikuwa kazi ya mama yangu, Domitila. Jiwe lake lilitoka mto Ntahangwa. Alililoweka kwanza katika beseni, kisha akakilaza kisu, mgongo ukiwa umeinuka kidogo tu, akakisukuma kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Alipomaliza upande mmoja alikigeuza, akaupa upande wa pili haki ileile. Makali aliyapima kwa kidole gumba, akikipitisha kukatiza ubapa, wala si kuufuata.

Mama alipougua, jiwe lilinyamaza. Koko Sesilia, mama mzazi wa baba, aliyetoka Uvira, alilifunga katika kitambaa akaliweka juu ya kabati. Katika nyumba yenye mgonjwa kitandani hakunolewi kisu. Sauti ya jiwe, alisema, huita kifo, nacho hakikosei mlango. Hakuna aliyebishana naye, hata baba, aliyekuwa karani na msomaji wa misa. Visu vikawa butu. Lengalenga, mchicha wetu wa kila siku, tulizichana kwa mikono.

Mama alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Siku baba alipomrudisha, alimlaza kitandani, akaenda kuzungumza na Koko nyuma ya nyumba. Sikusikia walichosema. Nilimwona Koko akijifuta uso kwa kitenge chake, kisha akaingia, akalishusha jiwe na kukaa barazani, chini ya dirisha la mama.

Akaanza kunoa.

“Nani iko ananoa?” mama aliuliza kutoka ndani.

“Ni mi, mwanangu. Hizi visu zimekuwa vijiko.”

“Basi nimepona?”

“We ulifikiri nini? Tutachana lengalenga na mikono mpaka lini, kama mbuzi?”

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipougua. Akaniita nimpelekee kile kisu, akakipima kwa kidole gumba.

“Mama, umenoa upande moja tu,” alimwambia Koko kupitia dirishani.

“Macho yangu imezeeka. Maliza we mwenyewe.”

Nilimletea jiwe na beseni kitandani. Alinoa ule upande wa pili polepole, akipumzika, na mkono wake haukukosea mwinamo. Jioni tulikula lengalenga zilizokatwa nyembamba, naye akaonja. Juma lile halikwisha kabla hajafariki.

Msibani, shangazi Veronika aliuliza mbele ya watu wote: “Nani alinoa kisu mu nyumba ya mugonjwa?”

“Ni mi,” alisema Koko.

Baba aliangalia chini. Kujitetea kungekuwa kusema kwamba daktari alikuwa ameshakata tamaa, na kwamba Domitila alidanganywa mpaka mwisho. Koko hakutaka watu wamkumbuke mkwewe kama mtu aliyedanganywa. Tangu siku hiyo hakugusa kisu tena.

Hayo yote baba alinieleza miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimesoma kwa mafurere, wale watawa walimu wa misheni, na nilidhani nina dawa ya kumponya Koko. Nilimwambia kwamba ni ugonjwa uliomuua mama, kwamba jiwe halina mdomo wa kuita.

“Apana, mutoto wangu,” alinijibu. “Lile jiwe liliita. Nililisikia. Lakini yeye alikuwa anacheka, ndiyo sababu sikuacha.”

Kwangu mimi, nisiyeamini, kunoa kile kisu kusingekuwa na gharama yoyote. Koko aliamini, na alilishika jiwe hivyohivyo, akabeba kifo cha mkwewe mpaka kaburini kwake mwenyewe.

Sasa jiwe liko kwangu, mtaa wa Mutakura. Limebonyea katikati. Wake za wanangu hupenda kuniachia visu vyao, wakisema mzee hana haraka. Upande wa kwanza huenda vizuri. Nikishageuza kisu, mkono hunisimama kidogo, na nasubiri, kana kwamba kuna mtu dirishani atakayeuliza nani ananoa.