Kule Yanakoenda Mabondo

Jumapili moja mchana, wakiwa wamemaliza ugali na kuku wa kienyeji, Dorah alimuuliza mama yake swali alilokuwa amelibeba kifuani njia nzima kutoka Oyugis, alikokuwa na duka la simu.

"Mama, tuseme nakupeleka popote duniani. Ungetaka twende wapi?"

Alitarajia kusikia Mombasa. Au Yerusalemu, maana mama yake hakukosa kanisani Sabato hata moja. Lakini mama huyo, Bonareri, hakupoteza muda kufikiri. Alifuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Hong Kong."

Mzee Omanga, baba yake Dorah, alipaliwa na maji. "Ati wapi?"

"Hong Kong. Nataka kuona mabondo yangu huenda wapi."

Mtu asiyeishi karibu na ziwa huenda asijue bondo ni nini. Ni kile kifuko cheupe cha hewa kilichomo tumboni mwa mbuta, yule sangara mkubwa, kinachomwezesha kuelea. Bonareri alipoolewa kutoka Nyamira akahamia Suna, pale Migori, mabondo yalikuwa chakula cha mbwa na kunguru. Mwanamke akipasua samaki, bondo alilitupa pembeni pamoja na matumbo. Kisha zikaja habari kwamba kuna mtu anayanunua. Wenzake waliziba pua wakacheka. Bonareri alinunua beseni.

Tangu hapo alikuwa akivuka maji kwenda Remba, kisiwa kilichojaa mabati hata ukikitazama kutoka kwenye boti unadhani ni bati moja limeanikwa ziwani. Huko rafiki yake Awino, mpasuaji wa samaki, alimwekea mabondo yote yaliyopita mikononi mwake. Bonareri aliyaleta nyumbani, akayakwangua damu na mafuta kwa kisu, akayaosha, akayaanika juu ya wavu mpaka yakawa ya manjano na magumu kama plastiki. Nyumba ya matofali, karo ya Dorah na kaka zake, hata meno mapya ya Omanga, yote yalitoka kwenye wavu ule.

Mnunuzi wake alikuwa mtu mkimya mwenye pikapu. Alipima, akalipa, akapakia katoni zilizoandikwa kwa wino mzito: HONG KONG. Kila Bonareri alipomuuliza huko wanayafanyia nini, aliinua mabega. "Mimi nasafirisha tu, mama."

Kwa hiyo Remba kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema hutengenezwa uzi wa kushona majeraha hospitalini. Wengine gundi. Awino alishikilia kwamba wanawake wa huko huyatumia ili wawe warembo. Jibu lililomkosesha Bonareri raha ni la fundi mmoja wa injini za boti, aliyeapa kwamba mabondo hutumika kusafishia bia.

"Kama ni bia," alimwambia mumewe, "basi mimi Msabato nimesomesha watoto kwa pombe."

"Na wamesoma vizuri," alijibu Omanga.

Mezani siku ile Dorah alicheka, lakini alipoona mama yake hacheki, akaacha. Alirudi Oyugis akawaza. Siku chache baadaye alipiga simu.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama, naanika."

"Basi kaa kwanza. Mama, hawataki viza! Sisi Wakenya tukienda kutembea tu, tunaingia na paspoti. Hakuna kulipia viza, hakuna kwenda kupanga foleni ubalozini."

Bonareri alipiga kigelegele kilichomtoa Omanga chumbani mbio na panga mkononi, akidhani ni nyoka. Alipoelezwa, aliliweka panga chini akatikisa kichwa. Walimwomba aende nao. "Mimi?" alisema. "Lifti ya hospitali peke yake ilinitetemesha magoti. Nendeni. Mtu abaki na ng'ombe."

Kikwazo cha kwanza kilikuwa vidole vya Bonareri. Katika ofisi ya paspoti alikaa mbele ya mashine, akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada. Ikakataa. Dada aliyekuwa akimhudumia aliivuta mikono yake, akaigeuza chini ya taa.

"Mama, kwani unafanya kazi gani? Huna alama za vidole!"

"Nakwangua mabondo."

"Basi pumzisha hii mikono. Ipake mafuta, usishike kisu wala usifue. Alama zikirudi, uje."

Bonareri alitoka nje akiwa na hofu na aibu, kana kwamba ameambiwa hayupo. Maisha yake yote hakuwahi kupumzisha mikono. Lakini Dorah, aliyekuwa amemsindikiza, alimnunulia mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe na kumwapisha pale pale barabarani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu pale nyumbani. Bonareri aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono ikimetameta kama ya bibi harusi, akatoa amri. Omanga aliosha vyombo. Omanga alifua. Majirani walipita polepole makusudi waone. Mmoja alipouliza kama mama ni mgonjwa, Omanga, povu likiwa limefika viwikoni, alijibu, "Hapana. Anaota vidole." Bonareri alicheka hadi kiti kikagonga ukuta. Usiku akiwa kitandani alivitazama vidole vyake kwa mwanga wa simu, na mistari myembamba ilipoanza kuonekana alimwamsha mumewe ili aione.

Safari ya pili mashine ilikubali.

Sasa mipango ilianza kwelikweli. Kila jioni, duka likifungwa, Dorah alipiga simu ya video. Fedha walizochangishana hazikuwa nyingi, kwa hiyo kila kitu kilibidi kibanwe. Waliepuka mwaka mpya wa Wachina, wakati bei zote hupaa. Wakachagua ndege ya kubadilisha njiani na kusubiri nusu siku uwanjani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu. Dorah alimwonyesha picha ya chumba alichopata, katika jengo refu lililojaa wageni kutoka kila nchi. Kitanda kiligusa ukuta huu na ukuta ule.

"Mlango wenyewe unafungukia wapi?" aliuliza Bonareri.

"Nje, Mama. Ndani hakuna nafasi."

"Ni sawa. Tutalala kama omena kwenye gunia. Kwani tunaenda huko kulala?"

Alitaka kubeba unga. Dorah alimruhusu paketi moja, ingawa wapi wangesonga ugali hakuna aliyejua. Alitaka kubeba omena pia, wale dagaa wa ziwani, na hapo Dorah akakataa kabisa, akisema harufu itawatangulia kwa polisi wa uwanja wa ndege.

Walielewana hivyo mpaka ilipofika tiketi. Dorah aliipata tiketi ya bei ambayo, kwa maneno yake, haitaonekana tena duniani. Ndege ilikuwa ya Ijumaa usiku.

"Ijumaa jua likishazama ni Sabato," alisema Bonareri.

"Mama, utakuwa umekaa tu kwenye kiti. Hufanyi kazi yoyote. Unaweza hata kuomba huko juu, ni karibu zaidi."

"Usinifanyie mzaha, Dorah. Sabato sipandi hata boda."

"Unajua tofauti ya bei ni kiasi gani?"

"Sijui na sitaki kujua."

Dorah alikata simu. Jioni iliyofuata hakupiga. Na iliyofuata hakupiga. Bonareri alianika mabondo yake bila kuimba. Alijua ni fedha za binti yake zilizobeba sehemu kubwa ya safari, na alijua pia kwamba Dorah siku hizi kanisani huonekana kwa nadra, jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulizungumza. Alimwambia Omanga kwamba huenda Hong Kong imekufa.

"Imekufa wewe ukiwa na vidole vipya?" alisema Omanga. "Mpigie."

Kabla hajapiga, Dorah alifika mwenyewe, amevaa kofia ya pikipiki, vumbi limemjaa nyusi.

"Nimepata ya Jumapili," alisema kabla ya salamu. "Imezidi bei, lakini nimepiga hesabu. Tutakaa siku chache kuliko tulivyopanga, na ile gari ya kamba inayopanda mlimani tutaiacha." Kisha sauti ikashuka. "Sikupaswa kukukatia simu, Mama."

Bonareri alimvua kofia, akampangusa nyusi kwa khanga. "Na mimi nina cha kuacha," alisema.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kumsindikiza uwanja wa ndege kwa basi la kukodi, wote wakiwa na fulana zenye picha yake. Bonareri alikuwa ameshachagua picha. Aliwaendea akawaomba fedha za fulana ziingie kwenye tiketi. Walinung'unika kidogo, hasa yule aliyeshika tenda ya kuchapisha, kisha wakakubali na kumwombea dua ndefu hata chai ikapoa.

Awino naye, kutoka Remba, alituma ujumbe wa sauti huku injini zikinguruma nyuma yake. "Yawa, Mama Dorah! Ukifika huko usinisahau. Uliza vizuri. Usiulize kama mgeni, uliza kama mwenye mali."

Ya ndegeni hayakuwa mengi. Bonareri alishika mkono wa Dorah ndege ilipopaa, akauachia walipofika mawinguni, akaomba chai mara tatu kwa sababu aliambiwa imo ndani ya tiketi. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege walilala kwenye viti, vichwa juu ya mabegi, wakaamka shingo zimepinda, wakatazamana wakacheka.

Asubuhi ya kwanza Hong Kong, Dorah alikuwa anahangaika na ramani kwenye simu, ameizungusha huku na huku kati ya majengo yaliyoficha mbingu. Bonareri alisimama ghafla katikati ya umati, akainua pua.

"Ni huku," alisema.

"Umejuaje?"

"Dorah, hiyo ni Remba."

Na kweli, walipokata kona harufu ya samaki mkavu iliwakumba kama mtu wa nyumbani. Mtaa mzima, duka baada ya duka, ulijaa vitu vya majini vilivyokaushwa: kamba, chaza, pweza, vingine hata hawakuvijua. Na humo, nyuma ya kioo, yamefungwa utepe mwekundu kama zawadi, yalikuwepo mabondo.

Bonareri aliweka kiganja juu ya kioo. Dorah aliisoma bei, akaibadilisha kuwa shilingi, akamnong'oneza mama yake. Bonareri alimwomba arudie. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika magoti, akacheka machozi yakamtoka, mpaka mwenye duka, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akatoka nje kuangalia kuna nini, na bila kujua sababu naye akaanza kucheka.

"Mama, hujakasirika?" aliuliza Dorah.

"Nitakasirika nikifika nyumbani. Nitamkasirikia yule wa pikapu. Leo niache."

Dorah alitoa simu inayotafsiri. Bonareri akatoa yake, akaonyesha picha ya wavu wa Suna, mabondo yamepangwa juani, naye amesimama kando na kisu. Mwenye duka alivua miwani, akaisogelea picha, akamwita mumewe, akamwita na jirani wa duka la pili. Simu ikasema kwa Kiswahili cha kukwaruza: "Ni wewe? Bahari gani?"

"Si bahari. Ni ziwa," alisema Bonareri. "Maji yake hayana chumvi. Mwambie, Dorah."

Walishangaa, kwani wao miaka yote walidhani ni bahari. Kisha Bonareri akauliza, akiwa amenyooka kama mwenye mali. Jibu likaja: supu. Hupikwa supu ya heshima, ya sherehe, na hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua. Pia huifanya ngozi iwe laini.

"Awino!" alipiga kelele Bonareri, watu wakageuka. "Awino alijua! Na bia je? Waulize bia!"

Waliuliza. Mwenye duka alitazama simu kama imeharibika, akatikisa kichwa. Pale dukani mabondo yalikuwa ya kutiwa chunguni tu. Bonareri alifumba macho akashusha pumzi.

Sasa ilibaki kuonja. Waliingia mkahawa mdogo, wakahakikisha kwa simu na kwa ishara za mikono kwamba mchuzi ni wa kuku na si wa nguruwe, wakaagiza bakuli moja, vijiko viwili. Bonareri aliomba kimyakimya, akachota kipande cheupe kilichovimba na kulegea, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena, macho yakiwa juu.

"Vipi?" Dorah hakuweza kungoja.

"Hakina ladha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Ni kama kutafuna sponji iliyopitia kwa kuku." Alichota kingine ili ahakikishe. "Miaka yote hii, Dorah! Watu matajiri wanalipa fedha zote zile, na kitu chenyewe hakina ladha!"

Waliimaliza supu hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imelipiwa, wakapigania tone la mwisho.

Dorah alitaka warudi chumbani wapumzike. Bonareri alikuwa ameona tramu ya ghorofa ikipita kwenye reli zake barabarani, nyembamba kama kitabu kilichosimamishwa, na alipoambiwa nauli yake ni ndogo kuliko chai, hakutaka kusikia habari ya kitanda. Walipanda juu, wakapata kiti cha mbele kabisa. Hawakujua inaelekea wapi. Upepo uliingia dirishani, mabango yenye maandishi wasiyoyajua yakapita karibu na nyuso zao, na chini yao watu wakatembea kwa haraka kama wanaokimbilia soko linalofungwa.

"Tunashuka wapi, Mama?"

"Mwisho," alisema Bonareri, akivua viatu. "Halafu tunarudi nayo."