Pipa Tupu la Petroli

Yeremia Chenge ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Mkolani, jirani na meza yangu ya maandazi. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa na mitumbwi ya injini ikaongezeka ziwani, mapipa matupu ya petroli yalizagaa mjini, naye akawa anayakata kuwa majiko ya kukaushia samaki. Siku moja pipa lilimlipukia. Alipona, lakini tangu hapo hasikii kitu.

Watu huogopa pipa lililojaa petroli. Mimi naogopa lililo tupu. Ndani hubaki mvuke, umeshachanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unangoja cheche tu. Moto ukianzia mahali pamoja husambaa pande zote, ukiusukuma mchanganyiko ulio mbele yake, na kwa kuwa hauna pa kutokea, nguvu hupanda mpaka bati likachanika. Haya alinieleza Yeremia mwenyewe, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anavyosema, hata wapita njia wakageuka.

Baada ya ajali ile, mkewe Dorotea ndiye aliyekuwa akijaza pipa maji ili yafukuze mvuke. Kisha aligonga bati kwa jiwe, akasikiliza kwa niaba ya mumewe, na mlio ukiwa mzito, ishara kwamba pipa limejaa, alimwonyesha dole gumba. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Wangu masikio anayo, na hanisikilizi.

Mwaka wa ukame, bomba letu lilikauka. Dorotea akaenda na ndoo kisimani bondeni. Huku nyuma akaja Mihayo, mchuuzi wa samaki, na pipa lake, anakimbilia kivuko cha kwenda Busisi. Alisema polepole ili Yeremia amsome midomo.

"Fundi, hili limekaa juani wiki nzima. Nusa, hata harufu hamna. Au siku hizi umekuwa mwoga?"

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Wateja walikuwa wakimkimbia wakisema ajali imemtia woga. Akauvuta mtungi wa gesi, akainama kando ya pipa, akatoa kiberiti.

"Baba Gladness!" nilipiga kelele. "Baba Gladness, acha!"

Mjinga mimi, nampigia kelele kiziwi aliyenipa mgongo. Dorotea alikuwa ameshafika na ndoo yake kichwani. Hakuita. Aliitua, akampita mumewe, akakaa juu ya lile pipa na kuiweka kanga yake vizuri magotini.

"Mama Gladness, shuka," Yeremia akasema.

Dorotea alimgeuzia uso ili amsome midomo, asikose hata neno.

"Washa. Tuondoke wote."

Yeremia alibaki na kijiti mkononi, machozi yakamlengalenga. Kisha akakirudisha ndani ya kiberiti, akakiweka kiberiti chenyewe kwenye kiganja cha mkewe na kumkunja vidole juu yake.

"Sasa kivuko changu?" Mihayo akalalamika.

"Kamata ndoo," nilimwambia, na alijua sitanii.

Mihayo alikwenda kisimani na kurudi mpaka pipa likajaa. Dorotea aligonga, akasikiliza, kisha akafungua fundo la kanga alimokifunga kiberiti na kumpa mumewe kijiti kimoja. Moto ulipowaka, kiberiti akakifunga tena pindoni, na hadi leo Yeremia humwomba kijiti kila anapotaka kukata pipa.