Zamu ya Dufie

Mwaka wa ishirini na mbili sasa Afia Twumwaa anafundisha darasa la kwanza pale Techiman, na miaka yote hiyo anafokewa na watu ambao hawajawahi kumfundisha mtoto hata kuhesabu vidole. Amechoka nao. Jumatatu ile ndiyo hasira ilipofurika.

Ubao wa mchezo wa ludo aliuchora mwenyewe juu ya kipande cha mbao. Sheria ilikuwa moja: husogezi kete mpaka useme, kwa sentensi nzima, unakwenda wapi na utamfanya nini mwenzako. Watoto wake walisema mpaka makoo yakawakauka. "Naingia kwenye kijani, nakula kete yako, urudi kwenu ukalie!"

Ila Dufie. Miaka saba, na tangu aletwe shuleni hakuwa ametamka neno. Mwalimu mkuu mpya, Bwana Ampofo, alikuwa ameshaamua: asiposema kufikia Ijumaa ya wiki hiyo, anarudishwa chekechea. Wiki tatu mtoto alirusha dadu, akanyamaza, zamu ikampita. Siku chache tu kabla ya Jumatatu ile ndipo aliponong'ona, "Sita." Twumwaa aliinama dirishani akijifanya anafuta vumbi, watoto wasione machozi yake.

Jumatatu Bwana Ampofo akaingia bila hodi.

"Mwalimu, hiki ni kijiwe cha kamari?"

"Ni somo la lugha, mkuu."

"Lugha! Nasikia watu wanatishiana kulana. Na huyo bubu wako naye anasoma?"

Neno hilo lilimchoma Twumwaa. Kabla hajajibu, bwana yule alinyoosha mkono wa kushoto juu ya vichwa vya watoto, akaunyakua ubao, kete zikamwagika. Mkono wa kushoto! Hata mlevi wa sokoni hakupi kitu wala hapokei kwa mkono huo.

"Mwalimu mkuu, umechukua ludo yetu kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa zamu yangu."

Alikuwa Dufie, amesimama.

"Hamna adabu, nyote!" akafoka Bwana Ampofo, akatoka na ubao kwapani. Hakuomba radhi. Wala hakutambua nani aliyesema.

Twumwaa alijikaza asimfuate na ufagio. Akamgeukia mtoto.

"Haya mama, bado ni zamu yako. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda ofisini," akasema Dufie, "kuchukua ubao wetu kwa mkono wa kulia."

Twumwaa akamshika mkono, wakatoka.