Baba Mkwe Ukutani

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu ulimponza mama yangu.

Jirani yangu wa Bulyaga ndiye aliyeleta habari. Watu wa makumbusho walikuwa wametundika picha za zamani za Rungwe kwenye ukumbi wa mjini, na katika picha moja, alisema, kuna kijana mwenye pua kama yangu. Maelezo chini yake yalitaja kijiji chetu, huko Kinyala.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Picha yake pekee tuliyokuwa nayo ililiwa na unyevu ndani ya sanduku, ikabaki karatasi yenye madoa. Mama naye ana presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuziba. Tangu aambiwe hivyo, ombi lake lilikuwa moja, amwone mumewe kabla giza halijafunga.

Siku ya mwisho ya maonyesho ilikuwa Jumapili, na ukumbi ulifungwa saa kumi. Nilimchukua Mama baada ya ibada, tukafika saa tisa na nusu tumelowa mvua. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Kwaya nzima ilikuja na sare zake, na kila mtu alikuwa ameinua simu, wengine wakijipiga picha wenyewe huku ukuta wameupa mgongo. Nilisukuma bila aibu. Nilimkanyaga hata mzee wa kanisa na sikumwomba radhi.

Nikamwona. Baba, kijana wa miaka ishirini hivi, kikapu cha chai mgongoni, anacheka. Mama alikuwa kwenye fremu iliyo jirani na hiyo, uso shubiri moja kutoka kwenye kioo, anatafuta kwa kile kitundu chake. Alibakiza hatua moja tu. Nami kwa furaha nikaropoka, "Mama, huyu hapa! Na babu yuko pembeni, amemshika bega!"

Mama akajifunika kanga uso mzima, akageuka, akachutama palepale.

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Nimekua nikimwona Mama akijitupa migombani kila babu alipotokea njiani. Lakini babu tulimzika zamani, na haikunipitia akilini kwamba picha yake ingehesabika.

"Mama, babu alishakufa!"

"Kwenu amekufa. Kwangu ni mkwe."

"Ni karatasi tu. Nitamziba kwa mkono."

"Nimeshajua yupo, mwanangu. Niondoe hapa."

Nilimsihi mpaka sauti ikakauka. Watu walidhani amezimia, wakatuzunguka. Dada mmoja akaelekeza simu yake kwa Mama, nikaipiga kofi ikaanguka. Nilikuwa nalia kama mtoto. Mwisho nikamwambia nitapiga picha, nimkate babu, nimletee Baba peke yake. Akaitikia kwa kichwa ndani ya kanga.

Nilipiga tatu. Ya kwanza nilipata kisogo cha mwanakwaya. Ya pili mtu alinigonga kiwiko. Ya tatu nilibonyeza mhudumu akiwa ameshanishika mkono, anatangaza muda umekwisha.

Nje, kibarazani, nikahangaika na simu kwa vidole vya baridi. Nilimkata babu mpaka akaisha kabisa, ukabaki mkono wake tu begani. Nikampa Mama. Akaisogeza simu karibu na jicho, akaipitisha polepole huku na huku.

"Shati naliona," alisema. "Kikapu nakiona. Kichwa kiko wapi?"

Nikaichungulia mkononi mwake. Mwanga wa taa ya ukumbi ulikuwa umeakisi kwenye kioo, ukatua juu ya uso wa Baba. Palikuwa na weupe mtupu. Nilikuwa nimekazana na babu, Baba sikumwangalia.

Nilikimbilia ndani. Picha zilikuwa zimeshateremshwa, zinafungwa kwenye mablanketi na kupigiliwa misumari masandukuni. Nilipiga magoti mbele ya yule mhudumu. Akaniambia niandike barua ya kuomba nakala. Nimeandika, tena mara mbili. Jibu halijaja, na siku hizi Mama ananitambua kwa sauti.

Siku ile niliporudi kibarazani nilimkuta bado anaisogeza simu mbele ya jicho, anatafuta. Alisikia hatua zangu, akajua kwamba nimekosa.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema, na hakuwa na hasira. "Kwa macho haya ningemwona yeye peke yake. Babu yako nisingejua hata kama yupo."